Nyimbo 11 kwa 9

Albamu ya mwisho ya Hüsker Dü, bendi ya panki ya Marekani, Warehouse: Songs and Stories ya 1987, ina nyimbo 20. Kati ya hizo 11 ni za Bob Mould mpiga gitaa na 9 ni za Grant Hart mpiga dramu. Hesabu hii naijua kwa kichwa, maana siku moja nilikaa na kava la ile albamu nikawa naweka alama ya penseli pembeni ya kila wimbo, M, H, M, H, M, H, nilipofika mwisho nikajumlisha halafu nikanyamaza kabisa. Hesabu ya namna hiyo nilishawahi kuifanya kwenye daftari la bendi yetu wenyewe, bendi niliyokuwa napiga besi na ambayo leo haipo.

Kwa hiyo leo naandika kuhusu Hüsker Dü na kidogo kuhusu sisi. Ambao hamuwajui hao jamaa nivumilieni, nitaanzia mwanzo kabisa.

Walikuwa watatu. Mould alitoka mji mdogo unaitwa Malone, kaskazini mwa jimbo la New York, akaja Saint Paul, Minnesota kusoma chuo. Hart alikuwa kijana wa huko huko, anafanya kazi duka la santuri, na Greg Norton mpiga besi alikuwa mshkaji wa Hart, wamejuana kwenye hayo hayo mambo ya santuri. 1979 ndio wakaanza. Jina lenyewe walilipata mazoezini, walikuwa wanapiga wimbo wa bendi ya Talking Heads ambao una sehemu ya Kifaransa, Kifaransa hawakijui, wakawa wanapayuka neno lolote la kigeni linalowajia mdomoni, mmoja akapayuka jina la mchezo mmoja wa watoto wa kukumbuka picha, Hüsker Dü, likabaki hilo. Kwa Kidenmaki maana yake ni "unakumbuka?". Mi hapo kila mara nasimama kidogo. Bendi ya vijana wa panki wanaopiga kwa kasi ya kukimbizwa na mbwa, halafu jina lao linauliza swali la mtu mzima aliyekaa peke yake usiku.

Dramu za Hart zilikuwa za kaka yake. Kaka huyo aliuawa na dereva mlevi wakati Hart ana miaka 10, dramu zikabaki nyumbani, mdogo mtu akazirithi. Ukishalijua hilo huwezi tena kumsikiliza Hart vilevile. Alikuwa anapiga peku, bila viatu, nywele zimemwagika usoni, na huku anaimba, na kama hujawahi kukaa nyuma ya dramu nikuambie tu kwamba kupiga na kuimba kwa mkupuo ni kazi mbili zinazogombania pumzi moja. Yeye alizifanya zote mbili miaka tisa.

Mwanzoni walikuwa wanajulikana kwa spidi tu. Rekodi yao ndefu ya kwanza, Land Speed Record, ilirekodiwa laivu Agosti 1981 kwenye ukumbi unaitwa 7th Street Entry, Minneapolis, kachumba kadogo kalikobandikwa ubavuni mwa ukumbi mkubwa wa First Avenue. Nyimbo 17 ndani ya dakika kama 26 na nusu. Wimbo unaanza, unapiga kelele, unaisha, mwingine umeshaanza kabla hujajua ule wa kwanza ulikuwa unaitwaje. Sitawadanganya, ile rekodi nimeisikiliza labda mara nne maisha yangu yote, inachosha. Ila kuna kitu pale. Bendi nyingi zikipiga kwa kasi ni kwa sababu hazina cha kusema, hawa unasikia kabisa kwamba chini ya ile kelele kuna melodi zinasukumana zitoke.

Na zilitoka kweli. Hapo ndio penye utamu wa hii stori kwangu mimi.

Mould na Hart wote walikuwa waandishi. Siyo mmoja mkubwa na mwingine anaonewa huruma anapewa wimbo mmoja upande B, hapana, wote wawili walikuwa waandishi wa nguvu, na tena wa aina mbili tofauti. Mould ni mtu wa hasira inayochemka ndani, anaandika kama mtu anayejiuliza amekosea wapi, na gitaa lake, ile Ibanez yenye umbo la V, alilipitisha kwenye kapedali ka kukwaruzisha sauti likawa linatoka kama magitaa matatu na mvua ya mawe juu yake. Hart ni mtu wa nyimbo za kuimbika, wa visa vya watu, ana huruma hata kwa wahusika wabaya. Sasa mmoja akija mazoezini na wimbo mkali, mwingine analala macho usiku huo, kesho kutwa na yeye anakuja na wake. Wa kwanza anausikia, anarudi kwake, anaandika mwingine. Hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka.

Wahenga walishasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mi naiheshimu sana hiyo methali ila kwa bendi naona inasema nusu tu ya kilichotokea. Hawa mafahali wawili walikaa zizi moja tangu 1979 mpaka mwanzoni mwa 1988, na mazuri yote tunayoyasikiliza leo yametokana na kwamba zizi lilikuwa moja. Ukimtoa mmoja mapema, yule aliyebaki hana wa kumkimbiza.

Sikiliza Zen Arcade uone. Oktoba 1983 walienda California, studio inaitwa Total Access huko Redondo Beach, na produsa wa lebo ya SST aliyejiita Spot. SST ilikuwa lebo huru, yaani kampuni ndogo ya santuri isiyo chini ya kampuni kubwa, ya Greg Ginn, mpiga gitaa wa bendi ya Black Flag. Wakarekodi nyimbo 25, na zote isipokuwa mbili ni piga ya kwanza. Yaani wanaanza wimbo, wanaumaliza, basi, huo huo ndio unaenda kwenye santuri, twende unaofuata. Halafu wakakaa wakamiksi albamu nzima kwa mkupuo mmoja wa saa 40. Kazi nzima saa kama 85, gharama dola 3,200. Albamu ya santuri mbili, nyimbo 23 kati ya zile 25, stori ya kijana anayekimbia kwao kwa sababu nyumbani kumeshindikana, anakuta dunia ya nje ni mbaya zaidi.

Watu wakiisikia hiyo habari ya piga ya kwanza wanadhani ni bahati, au ujana, au hela ilikuwa hakuna. Hela ilikuwa hakuna kweli. Ila piga ya kwanza haitoki kwa mtu ambaye hajafanya mazoezi mpaka vidole vinajua njia vyenyewe. Na inataka kitu kingine ambacho mi nimekionja mara moja tu. Sisi tulirekodi wimbo mmoja piga ya kwanza, wimbo wa tatu wa siku ile, na nakumbuka katikati pale kabla ya kuingia kiitikio cha mwisho mpiga dramu wetu alichelewa kidogo, nusu ya nusu ya pigo, na mi bila kumuangalia nikachelewa naye, magitaa yote mawili yakachelewa nasi, tukaangukia kwenye kiitikio watu wanne kwa pamoja kama tumepanga. Hatukupanga. Hakuna aliyelisema, ila wimbo ulipoisha wote tukawa tunacheka kama watoto. Ukiwa ndani ya bendi inayoweza kufanya hivyo hujui kwamba inaweza kuisha, unaona kama ndivyo ulivyozaliwa.

Hüsker Dü walifanya hivyo nyimbo 20 na kitu mfululizo.

Zen Arcade ilitoka Julai 1984. Kuna kakisa kazuri hapo katikati. Minutemen, wenzao wa SST kutoka San Pedro, waliposikia Hüsker Dü wametengeneza albamu ya santuri mbili wakasema na sisi hatubaki nyuma, wakarudi studio wakaongeza nyimbo mpaka na ya kwao ikawa mbili, Double Nickels on the Dime, na zote zikatoka mwezi huo huo. Ushindani ukiwa kati ya bendi na bendi unapendeza hivyo, unaumia kidogo halafu unaandika. Ila lebo ilitoa kopi chache mno, elfu chache tu kwa awamu ya kwanza, zikaisha madukani haraka, watu wamesoma sifa kwenye magazeti wanaenda kununua wanakuta hakuna. Bendi iko barabarani inapiga kila usiku kuinadi albamu ambayo haipatikani. Hilo ni jambo dogo kwenye historia ila aliyewahi kubeba boksi la kaseti kwenda kwenye shoo akakuta limesahaulika nyumbani anajua linavyouma.

Halafu wakaenda kasi ambayo sijui binadamu wanaiwezaje. New Day Rising Januari 1985, Flip Your Wig Septemba mwaka huo huo. Yaani kuanzia Julai 1984 mpaka Septemba 1985, miezi 14, albamu tatu, na mojawapo ni ya santuri mbili. Kwangu mimi New Day Rising ndiyo yenyewe. Wimbo wa kwanza una maneno matatu tu, hayo matatu ya jina la albamu, yanarudiwa mpaka mwisho, na hauchoshi. Wengine watasema Flip Your Wig na siwezi kubishana nao sana, hiyo ndiyo unayosikia wale wawili wako sawa kabisa, kila mmoja yuko juu, mizani haijalala upande wowote.

Kuonyesha walifika wapi nitasema hivi. 1986 huko Boston kuna vijana wawili walikuwa wanatafuta mpiga besi, wakaweka tangazo kwenye gazeti kwamba wanamtaka mtu anayependa Hüsker Dü na Peter, Paul and Mary, kundi la muziki wa folk. Akajitokeza mtu mmoja tu, Kim Deal. Hao ndio bendi ya Pixies. Na kutoka Pixies mpaka Nirvana, bendi iliyoipeleka kelele hii dunia nzima miaka ya 90, njia ni moja. Kelele chini, melodi juu, hiyo njia wale watatu wa Minnesota walishaifyeka miaka mingi kabla haijalipa mtu.

Sasa wakubwa wakaja. Mwishoni mwa 1985 wakasaini na Warner, wakiwa miongoni mwa bendi za kwanza za ule ulimwengu wa lebo huru za Marekani kwenda lebo kubwa, na kwenye mkataba wakashikilia kwamba muziki wataamua wenyewe, produsa watakuwa wenyewe, na hadi kava watasimamia wenyewe. Wengi wanasema lebo kubwa ndiyo iliyoiua bendi. Mi sikubali. Candy Apple Grey ya Machi 1986 haijachezewa na mtu wa nje hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba kabla ya hapo walikuwa na adui wa nje, njaa, vani mbovu, ukumbi wenye watu 15, na mnapokuwa na adui wa nje hamna muda wa kuhesabiana. Adui alipoondoka wakabaki wanaangaliana wao kwa wao.

Mould aliacha pombe 1986. Hart akazama kwenye heroini. Hayo mawili yaweke pamoja kwenye vani moja, mmoja anajitahidi kusimama na mwingine anateleza, na wote wawili wanaandika nyimbo, na santuri ina nafasi yake, haiongezeki. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Mould alimwambia Hart hatakuja kuwa na zaidi ya nusu ya nyimbo kwenye albamu ya Hüsker Dü. Sasa fikiria mwandishi anayeandika kwa mzuka wa ajabu anaambiwa hivyo. Lakini fikiria pia huyu wa pili, anayebeba simu, ratiba, hesabu, kila kitu, na anaona mwenzake anapotea mbele ya macho yake. Nimejaribu mara nyingi kuchagua upande. Nashindwa.

Februari 1987, Warehouse imetoka mwezi mmoja nyuma, wanajiandaa kwenda ziara, meneja wao kijana alijitoa uhai. Hapo sitaandika mengi. Walienda ziara hata hivyo, na hawakuweka meneja mwingine, kazi zake wakajibebesha wenyewe, kwa maana kwamba Mould alijibebesha kiasi kikubwa. Na kwenye ziara hiyo waliamua kupiga albamu mpya nzima kwa mpangilio ule ule wa kwenye santuri, wimbo wa kwanza mpaka wa ishirini. Nilipolijua hili nikalirudia lile kava lenye alama zangu za penseli. M, H, M, H, M, H. Maana yake ile hesabu ilikuwa inapigwa jukwaani kila usiku. Na mpaka wimbo wa nane wanapokezana sawa sawa, wako nne kwa nne, wa tisa ni M na wa kumi ni M tena, hapo ndipo M zinapozidi.

Daftari letu sasa.

Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, jalada limeshachanika tukalibandika gundi ya karatasi, linakaa juu ya spika yangu kwa sababu spika yangu ndiyo ilikuwa kubwa. Mwanzoni tulikuwa tunaandika majina ya nyimbo tu, na chini yake labda kodi za gitaa, labda mstari uliobadilika. Wapiga gitaa wetu wote wawili walikuwa wanaandika na kuimba, na kwa karibu miaka miwili hakuna aliyejali nani kaleta nini, wimbo ukifika chumbani unakuwa wa chumba. Halafu siku moja nikalifungua nitafute kodi nikakuta pembeni ya kila wimbo kuna herufi. Herufi ya jina la mmoja au ya mwingine. Kwa kalamu ya bluu, ndogo, nadhifu, kwenye kurasa zote hadi zile za nyuma kabisa, mtu alikaa chini akarudi mpaka mwanzo. Sikuuliza ni nani. Mpaka leo sijui ni yupi kati yao, na nimekuja kuona kwamba angeweza kuwa yeyote.

Nikajumlisha. Nilijumlisha palepale nimesimama, besi iko shingoni. Na kuanzia siku hiyo sikuweza tena kusikia wimbo mpya bila kichwa changu kuongeza moja upande wake.

Tulikuja kuvunjika kwa wimbo mmoja. Tulirekodi nyimbo nane, nne za huyu na nne za yule, hilo lilipangwa kwa makini sana na bila mtu kulitamka. Siku ya mwisho ya studio muda uliobaki ulitosha kumiksi saba. Kwa hiyo mmoja ubaki. Wakaanza kuongea kwa upole, kwa upole mno, ule upole wa watu walioshakasirika zamani. Mmoja akasema wimbo fulani haujakaa vizuri kwenye dramu, mwingine akasema basi na ule wako gitaa lilitoka kwenye tuni, na mpiga dramu akasema yeye yuko na ule wa kwanza. Wote watatu wakanigeukia mimi. Nikasema mi naona yote sawa.

Niliogopa. Nilidhani nikikaa katikati nitaishika bendi isipasuke, kumbe kila mmoja aliondoka pale akiamini kwamba mimi niko upande wa mwenzake. Saba hazikumiksiwa, hakuna hata moja iliyomiksiwa. Wiki mbili baadaye tukaenda chumbani kuchukua vyombo, tulipangana kwenda kila mtu kwa saa yake tusikutane, mi nilienda wa mwisho. Mpiga dramu alikuwa ameshachukua hadi zulia lake, kile kipande cha zulia anachoweka chini dramu zisiteleze, na sakafuni kulikuwa kumebaki gundi za karatasi zile tulizokuwa tunabandika kuonyesha nani anasimama wapi. Alama nne. Spika yangu ilikuwa imehamishwa hatua mbili ili watoe chao kilichokuwa nyuma yake, na daftari lilikuwa limewekwa juu yake vizuri, limefungwa.

Ndiyo maana ninapowasikiliza Hüsker Dü sikio langu linaenda kwa Greg Norton. Watu wanamkumbuka kwa masharubu yaliyosokotwa ncha na kwa kuruka juu jukwaani kama springi, na ni kweli alikuwa anaruka. Ila msikilize anapiga nini. Gitaa la Mould linajaza ukuta mzima, dramu za Hart zinakimbia mbele, na kama besi nayo ingeamua kujionyesha wimbo ungekuwa vurugu tupu. Norton anakaa kwenye noti, anaishikilia, anawapa hao wawili mahali pa kukanyaga. Mwanzoni kabisa na yeye aliandika nyimbo, baadaye nafasi ikawa haipo, kwenye ile albamu ya nyimbo 20 hana hata mmoja, wimbo wake mmoja ukawekwa upande wa pili wa singo ya mwaka huo. Kwenye hesabu ya 11 kwa 9 yeye hayumo. Na zote 20 anazipiga.

Desemba 11, 1987 walipiga Columbia, Missouri. Hart alikuwa anajaribu kutoka kwenye heroini kwa methadoni na chupa ya methadoni ilikuwa imevuja, ziara bado ina tarehe mbele, dawa hakuna. Walipiga usiku ule, tarehe zilizobaki zikafutwa, wakarudi nyumbani. Januari 1988 Mould akajitoa na ndio ikawa basi. Hakukuwa na shoo ya kuaga wala albamu ya kuaga.

Mould akatengeneza albamu zake peke yake, halafu akaunda Sugar, na Copper Blue ya 1992 ni kazi nzito ambayo pia naipenda sana. Hart akaunda Nova Mob, kisha akaendelea peke yake, nyimbo zake za miaka hiyo hazijasikilizwa inavyostahili na hilo linanikera mno. Norton akawa mpishi, akafungua mgahawa na mkewe. Miaka ya watu kuomba warudiane, jibu likawa hapana, hapana, hapana. Hart alifariki Septemba 13, 2017 kwa saratani, ana miaka 56, miezi miwili tu kabla boksi kubwa la rekodi zao za ujanani halijatoka.

Kuna usiku mmoja tu katika miaka hiyo yote. Oktoba 2004, Minneapolis, palifanyika tamasha la kumchangia Karl Mueller mpiga besi wa Soul Asylum aliyekuwa anaumwa saratani. Mould alikuwepo. Hart akapanda jukwaani, haikutangazwa, watu hawakuamini macho yao. Norton hakuwepo. Wakapiga nyimbo mbili. Mmoja wa Mould, kutoka Candy Apple Grey, ule wa taratibu kuhusu watu wanaokufa na wewe hujui ufanye nini. Mwingine wa Hart, kutoka Zen Arcade, ule wa gitaa kavu anaposema hataongea tena na huyo mtu, na waliuimba wote wawili wamesimama karibu karibu.

Halafu wakashuka.

Nimeandika kwa penseli nyuma ya kava, chini ya zile 20. M, H.